Mungu Alitaka, Aliruhusu, au Aliteseka Pamoja Nasi? Wakristo Mbele ya Swali la Uovu

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, siku ambayo makanisa yanayofuata kalenda ya liturujia yalikuwa yanaanza Majilio, yaani kipindi cha kuingojea Krismasi, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji mdogo wa Katesh pamoja na vijiji vya jirani mkoani Manyara. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Msiba wa aina hiyo unapotokea, maneno yanayosikika makaburini na kusomwa katika salamu za rambirambi huwa ni yale yale: kazi ya Mungu haina makosa, ni mapenzi ya Mungu, Bwana alitoa na Bwana ametwaa, sisi tulimpenda lakini Mungu alimpenda zaidi. Anayeyatamka hana nia ya kujenga hoja, anatafuta tu la kumwambia mfiwa. Hata hivyo, ndani ya maneno hayo mna mafundisho mazito, kwamba Mungu mwenyewe alitaka tope lile lishuke na kuwakuta watu wakiwa majumbani mwao. Je, hivyo ndivyo Ukristo unavyofundisha? Wakristo hawajawahi kukubaliana juu ya jambo hili, na tofauti zao si ubishi wa wasomi peke yao, kwa sababu kila jibu lina namna yake ya kumgusa au kumjeruhi mtu aliyekaa kwenye mkeka wa msiba.

Ukristo unakiri mambo matatu kwa pamoja: Mungu ni mwema kabisa, Mungu anaweza yote, na uovu upo kweli. Lactantius, mwandishi Mkristo wa mwanzoni mwa karne ya 4, aliliandika swali linalotokana na hapo akilinasibisha na Epicurus, mwanafalsafa wa Kiyunani aliyeishi karne tatu kabla ya Kristo: kama Mungu anataka kuuondoa uovu lakini hawezi, basi ni dhaifu; kama anaweza lakini hataki, basi si mwema; na kama anaweza na anataka, mbona uovu ungalipo? Ukiondoa lolote kati ya yale mambo matatu, ugumu unakwisha mara moja. Wapo waliofanya hivyo. Wanateolojia wa karne ya 20 waliofuata mawazo ya mwanafalsafa Mwingereza Alfred North Whitehead walisema kwamba Mungu hushawishi viumbe vyake lakini hawezi kuvilazimisha, kwa hiyo hana uwezo wa kuzuia kila baya. Sehemu kubwa ya makanisa imelikataa jibu hilo, maana Mungu asiyeweza kuzuia maporomoko ni vigumu kumwamini anapoahidi kufufua wafu.

Kabla ya kuendelea ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo yakichanganywa huzaa ukatili bila mtu kukusudia. Kuna uovu unaotendwa na watu, kama vile mauaji, dhuluma na usaliti. Na kuna maafa yasiyo na mtendaji binadamu, kama vile tetemeko, ukame au ugonjwa wa selimundu anaozaliwa nao mtoto. Vilevile, yupo anayeuliza “kwa nini?” akitaka kujua kama imani ina mantiki, na yupo anayeuliza “kwa nini?” kwa sababu amezika mtoto jana. Wa kwanza anastahili hoja. Wa pili, akipewa hoja, anaachwa peke yake.

Jibu la zamani kuliko yote ni lile la malipo: anayetenda mema hupata mema, anayetenda mabaya huvuna mabaya. Kumbukumbu la Torati sura ya 28 inaorodhesha baraka za watiifu na laana za waasi, na Mithali nyingi zinakwenda njia hiyo hiyo. Ukweli fulani umo, kwa kuwa ulevi huharibu ini na uongo huvunja ndoa. Lakini Biblia hiyo hiyo ina kitabu kizima kilichoandikwa kulizuia jibu hilo lisigeuzwe kuwa kanuni ya kila teso. Ayubu anatambulishwa tangu mstari wa kwanza kuwa mtu mkamilifu na mwelekevu, kisha anapoteza mali, watoto kumi na afya yake. Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, wanaanza vizuri mno: wanakaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Wanapofungua vinywa ndipo wanapoharibu. Elifazi anamtaka akumbuke ni nani aliyewahi kuangamia bila kosa. Bildadi anafika mahali pa kudokeza kwamba watoto wake walikufa kwa sababu walimkosea Mungu, maneno ambayo sijui kama kuna mabaya zaidi ya kumwambia mzazi. Ayubu kwa upande wake hanyamazi kwa upole kama tunavyopenda kumsifu. Analaani siku aliyozaliwa, anamshtaki Mungu kwa kumwonea, anadai kesi yake isikilizwe.

Mwisho wa kitabu, Mungu anajibu kutoka katika upepo wa kisulisuli, lakini hajibu alichoulizwa. Anauliza yeye: “Ulikuwa wapi nilipoiweka misingi ya nchi?” Anamzungusha Ayubu katika bahari, nyota, mbuni na farasi, bila kutaja hata mara moja sababu ya mateso yake. Wasomaji wengi huona jibu hilo kuwa la kukwepa, na ugumu huo ni wa kweli. Lakini hukumu inayofuata ndiyo iliyopaswa kubadilisha mahubiri yetu ya misibani. Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira yake inawaka juu yake na rafiki zake wawili, “kwa kuwa ninyi hamkunena yaliyo sawa katika habari zangu, kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu.” Waliomtetea Mungu wanakemewa, aliyemlalamikia anathibitishwa. Ile kauli maarufu ya kutoa na kutwaa iko katika sura ya 1, na Ayubu ndiye aliyeisema juu ya msiba wake mwenyewe. Hakuna anayemwambia yeye. Baada yake kuna sura arobaini na moja ambazo makaburini huwa hazisomwi.

Yesu anashika mstari huo huo. Wanafunzi wanapomwona mtu aliyezaliwa kipofu wanauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, naye anakataa yote mawili. Katika Luka sura ya 13 anataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akauliza kama wasikilizaji wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko watu wote wa Yerusalemu. Jibu lake ni hapana, na papo hapo anawageuzia wasikilizaji wito wa kutubu. Kwa hiyo mtu anayemtazama mgonjwa na kukisia dhambi yake hawezi kusema kwamba anafuata mafundisho ya Kristo.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu Afrika Mashariki imelipia gharama yake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata mahubiri mengi yaliutangaza ugonjwa huo kuwa adhabu ya Mungu kwa waasherati. Wake waliokuwa waaminifu kwa waume zao na watoto waliozaliwa na virusi waliingizwa katika hukumu hiyo hiyo, na wengi walificha hali zao hata kanisani, mahali ambapo walipaswa kubebwa. Leo mafundisho hayo yamebadili vazi tu. Katika injili ya mafanikio, anayeombewa asipone huambiwa kwamba imani yake ni haba, au kwamba hajatoa sadaka ya kutosha, au kwamba kuna laana ya ukoo ambayo hajaivunja. Ni Bildadi yule yule, safari hii akiwa na kipaza sauti.

Kuna jibu jingine lenye mizizi hapa kwetu, nalo halimlaumu anayeteseka bali linamtafuta mwingine wa kulaumiwa. John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya na kasisi wa Kianglikana, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba katika fikra za jamii nyingi msiba haujitokei wenyewe. Daima kuna aliyeusababisha kwa uchawi, husuda au nguvu za roho. Wakristo wengi wanaimba nyimbo za Jumapili na kuuliza swali hilo usiku. Jibu hili lina faida moja ambayo wamisionari hawakuiona, kwamba linamwachia mfiwa heshima ya kutokuwa na hatia. Lakini hatia lazima itue mahali, na katika mikoa ya Kanda ya Ziwa imewaangukia wanawake wazee ambao macho yao yamekuwa mekundu kutokana na moshi wa kuni, wakauawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi. Agano Jipya linakubali kwamba ziko nguvu za giza, lakini halimpi mwumini ruhusa ya kuitambulisha nguvu hiyo na bibi jirani.

Mtu aliyelipatia swali hili umbo lililotawala Ukristo wa Magharibi alikuwa Mwafrika. Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi inayoitwa Algeria leo. Akiwa kijana alikaa kwa takriban miaka tisa na Wamanikea, waliofundisha kwamba ulimwengu ni uwanja wa vita kati ya nguvu mbili za milele, moja ya nuru na nyingine ya giza. Mafundisho yao yalimvutia kwa sababu yalimwondolea Mungu lawama: mabaya yote yalitoka upande wa pili. Baadaye aliyaacha, akajiuliza upya uovu ni kitu gani, akafikia jibu ambalo limedumu: uovu si kitu kilichoumbwa, bali ni upungufu wa wema mahali ulipopaswa kuwapo. Mfano wake ni ugonjwa na jeraha. Mwili ukipona, ugonjwa hauendi kukaa mahali pengine. Unakoma kuwapo, kwa maana haukuwa kitu chenye kujitegemea bali kasoro ya kitu chema. Kwa hiyo Mungu aliumba vyote na vyote ni vyema, na uovu uliingia pale hiari ya malaika na ya binadamu ilipogeuka kutoka kwa Mungu kuelekea vitu vidogo kuliko yeye.

Jibu hilo hueleweka vibaya mara kwa mara. Mama anayemwuguza mtoto mwenye maumivu ya mifupa usiku kucha hawezi kuambiwa kwamba maumivu hayo “hayapo”, na Augustino hakusema hivyo. Alichokataa ni kwamba uovu una muumba wake au nafasi yake katika asili ya vitu. Alichoshindwa kukimaliza ni kitu kingine. Alishikilia kwamba mabaya yote ni dhambi au ni adhabu ya dhambi, na hapo watoto wachanga wakamkwamisha. Katika barua aliyomwandikia Jeromu, mtafsiri wa Biblia, mwaka 415 alikiri kwamba anapofikia mateso ya watoto wachanga anabanwa na ugumu mkubwa na hajui la kujibu. Maungamo hayo kutoka kwa mtu wa kimo chake yanastahili kukumbukwa kuliko majibu yake kadhaa yaliyo maarufu.

Tofauti kubwa inayofuata ni kati ya kutaka na kuruhusu. Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alisema kwamba Mungu hataki uovu utendeke, wala hataki usitendeke, bali anataka kuruhusu utendeke, akitoa wema hata ndani yake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inasimama hapo: Mungu si chanzo cha uovu wa kimaadili kwa namna yoyote, ya moja kwa moja au ya kuzunguka, ila anauruhusu. John Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti wa karne ya 16, kwa upande wake, aliona kwamba kutegemea ruhusa ni kumfanya Mungu mtazamaji, na akafundisha kwamba hata matendo ya waovu yamo katika azimio la Mungu, ingawa hatia ni yao. Katekisimu ya Heidelberg ya mwaka 1563, inayotumiwa hadi leo na makanisa ya Kireformu, yaani yanayofuata mapokeo ya Calvin, inasema kwamba mvua na ukame, miaka ya mavuno na ya njaa, afya na ugonjwa, utajiri na umaskini havitujii kwa bahati bali kutoka katika mkono wa Baba. Anayesema “ni mapenzi ya Mungu” kaburini anazungumza lugha yenye ukoo mrefu, na kwa baadhi ya watu ni faraja ya kweli, kwa kuwa maisha yao hayajaangukia mikononi mwa bahati. Kwa wengine sentensi hiyo hiyo inamgeuza Baba kuwa aliyemwua mtoto wao. Wala wanaopendelea ruhusa hawajaponea, maana baba anayemwona mtoto akitambaa kuelekea kisimani na kumwacha hawezi kujitetea kwamba hakumsukuma. Ruhusa peke yake haitoshi, inadai sababu.

Sababu inayotajwa mara nyingi ni uhuru. Mwaka 1955 mwanafalsafa J. L. Mackie alidai kwamba imani katika Mungu mwema na mwenyezi inajipinga yenyewe mradi uovu upo: kwa nini Mungu hakuumba watu huru ambao daima huchagua mema? Alvin Plantinga, Mkristo wa mapokeo ya Kireformu, alimjibu katika kitabu cha mwaka 1974 kwamba Mungu hawezi kumlazimisha mtu atende mema kwa hiari, kwa maana kilicholazimishwa si hiari tena. Wanafalsafa wengi, hata wasioamini, wanakubali kwamba hoja ya Mackie ya mkinzano kamili imejibiwa. Lakini ushindi huo ni mdogo kuliko unavyotangazwa. Unaonyesha kwamba mambo yale matatu yanaweza kwenda pamoja, hauonyeshi kwamba inaelekea ni hivyo. Mwaka 1979 mwanafalsafa Mmarekani William Rowe aliuliza swali gumu zaidi kwa mfano wa ndama wa paa aliyeunguzwa na moto wa msituni uliowashwa na radi, akalala na majeraha siku kadhaa kabla ya kufa, bila mtu kumwona. Ni wema gani mkubwa uliohitaji hilo? Wakristo waliomjibu walirudi kwa Ayubu: kushindwa kwetu kuiona sababu si ushahidi kwamba sababu haipo, kwa kuwa pengo kati ya akili yetu na ya Mungu ni kubwa. Hoja hiyo ina nguvu, lakini ina gharama ambayo watetezi wake hawapendi kuitaja. Kama hatuwezi kabisa kutambua lipi ni baya lisilo na sababu, ni kwa msingi gani tunakimbilia kumwokoa anayezama?

Isitoshe, uhuru wa binadamu hausemi lolote kuhusu tope la Hanang. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko la ardhi liliipiga Lisbon, mji mkuu wa Ureno, asubuhi watu wakiwa makanisani, likafuatwa na mawimbi makubwa ya bahari na moto. Maelfu kwa maelfu walikufa. Miaka 45 kabla, mwanafalsafa Mjerumani Gottfried Wilhelm Leibniz alikuwa amechapisha kitabu kilichoanzisha jina la teodisia, yaani kuutetea uadilifu wa Mungu, akidai kwamba Mungu mwenye hekima kamili lazima awe ameuchagua ulimwengu ulio bora kuliko yote inayowezekana. Baada ya Lisbon, watu wengi wa Ulaya hawakuweza tena kuyasoma maneno hayo kwa utulivu. Padri Mjesuiti Gabriel Malagrida alihubiri kwamba tetemeko lilisababishwa na dhambi za mji. Serikali, iliyotaka watu wazike maiti na kujenga upya badala ya kungoja hukumu, ikamfukuza mjini.

Jibu la kimapokeo kwa maafa ya asili ni kwamba anguko la Adamu liliharibu uumbaji wote, na Paulo katika Warumi 8 anasema kweli kwamba viumbe vyote vinaugua pamoja na kuwa na utungu hata sasa. Ugumu ni kwamba ardhi yenyewe inashuhudia kifo kabla ya mtu. Dinosaria, wale mijusi wakubwa wa kale, waliochimbwa Tendaguru mkoani Lindi, wanaooneshwa Berlin, waliishi na kufa miaka ipatayo milioni 150 iliyopita, na miongoni mwao walikuwamo walao nyama. John Polkinghorne, mwanafizikia aliyekuja kuwa kasisi wa Kianglikana, alipendekeza njia tofauti: Mungu ameupa ulimwengu uhuru wa kujijenga kwa kanuni zake, na kanuni zinazotoa uhai haziwezi kutenganishwa na zile zinazoua. Hanang ni mlima wa volkano katika Bonde la Ufa. Nguvu iliyouinua ndiyo iliyotoa udongo ambao kwa miaka mingi umelisha mashamba ya ngano ya wilaya hiyo. Kwangu hili ndilo jibu lenye uaminifu zaidi kuhusu matetemeko na maporomoko, maana halihitaji kumtafuta mwenye dhambi. Lakini linaeleza kwa nini milima huporomoka, halielezi kwa nini mtoto huyu.

Njia nyingine inamrudia Ireneo wa Lyon, askofu wa karne ya 2, aliyewaona Adamu na Hawa kama watoto waliohitaji kukua, na ambaye mwanafalsafa wa dini John Hick alimfanya msingi wa kitabu chake cha mwaka 1966 akifundisha kwamba dunia yenye shida ni mahali pa kukomaza roho. Ni kweli kwamba subira na huruma hazikui penye raha tupu. Ni kweli pia kwamba mateso huwavunja wengi kuliko yanavyowakomaza, na mtoto aliyekufa akiwa na siku tatu hakupata muda wa kukomaa. Hick aliligundua hilo mwenyewe, akalazimika kuuendeleza ukuaji huo baada ya kifo.

Kisha kuna uovu ambao hauruhusu hesabu ya faida na hasara. Mwaka 1994 nchini Rwanda, nchi ambayo wakazi wake wengi sana walikuwa wamebatizwa, Watutsi walikimbilia makanisa ya Ntarama, Nyamata na Nyarubuye wakiamini kwamba hapo hawataguswa, wakauawa humo humo kwa maelfu. Baadhi ya wauaji walikuwa waumini wa parokia hizo hizo. Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za kanisa na za watu wake katika mauaji hayo. Mbele ya jambo kama hili, kusema kwamba uhuru wa wauaji ulikuwa na thamani kubwa kiasi cha kustahili gharama hiyo ni kuwatukana waliolala pale. Marilyn McCord Adams, mwanafalsafa na kasisi wa Kiepiskopali nchini Marekani, aliandika mwaka 1999 kwamba kwa maovu ya kutisha namna hiyo swali la sababu linapaswa kuwekwa kando. Tuulize badala yake kama Mungu anaweza kuwa mwema kwa mtu yule yule aliyeangamizwa, na kuushinda uovu ule ndani ya maisha yake yeye, si katika picha kubwa ambayo yeye ni doa ndani yake. Hakuna wema wa kidunia unaoweza kufanya hivyo, alisema. Ni Mungu mwenyewe tu, aliyejiunganisha na mateso hayo msalabani.

Hapo tunafika mahali ambapo Ukristo unaachana na falsafa ya dini kwa ujumla. Katika kitovu chake hakuna maelezo ya mateso, kuna mtu aliyeteswa hadi kufa akilia, “Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?” Jürgen Moltmann, mwanateolojia Mjerumani aliyekuwa na miaka 17 wakati mabomu yalipoiteketeza Hamburg Julai 1943 na kumwua rafiki yake aliyesimama kando yake, alisoma kilio hicho katika Injili ya Marko akiwa mfungwa wa vita, akahisi kwamba amempata anayemwelewa. Kitabu chake cha mwaka 1972 kinadai kwamba msalabani Mungu mwenyewe aliteseka: Mwana alikufa, na Baba alipata uchungu wa kufiwa. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani aliyewapinga Wanazi, alikuwa ameandika kutoka gerezani Julai 1944 kwamba ni Mungu anayeteseka tu awezaye kusaidia; Wanazi walimnyonga Aprili 1945.

Wengi wanapokea mafundisho haya kama jambo la wazi, kumbe yanapingana na karibu mababa wote wa kanisa. Kirili, askofu wa Aleksandria katika karne ya 5, na wengine walifundisha kwamba Mungu katika asili yake hawezi kuteseka, na kwamba Neno aliteseka katika mwili alioutwaa. Hawakumaanisha kwamba Mungu hajali. Walimaanisha kwamba upendo wake hauwezi kushindwa wala kubadilishwa na maumivu. Karl Rahner, Mjesuiti wa Ujerumani, aliuliza kwa ukali itamsaidia nini yeye aliyekwama ikiwa Mungu naye amekwama vilevile. Naona pande zote mbili zinalinda jambo la lazima: anayeteseka anahitaji mwenzake, na anahitaji mwokozi, na mmoja bila mwingine hatoshi.

Kutokana na msalaba kunatoka desturi ambayo makanisa yetu yameisahau, nayo ni kulalamika mbele za Mungu. Sehemu kubwa ya Zaburi ni malalamiko, na Zaburi ya 88 inaishia gizani bila neno moja la shukrani. Bado imo katika Maandiko na inaitwa sala. Emmanuel Katongole, padri na mwanateolojia kutoka Uganda, alionyesha katika kitabu cha mwaka 2017 jinsi Wakristo wa mashariki ya Kongo na kaskazini mwa Uganda walivyopata tumaini ndani ya maombolezo yenyewe, si baada ya kuyamaliza. Mchungaji anayemkataza mjane asilie kwa kuwa “marehemu yuko mahali pazuri” anamnyima kile ambacho Yesu mwenyewe alifanya penye kaburi la Lazaro, ingawa alijua atamfufua.

Linabaki tumaini la mwisho: Ufunuo 21 inaahidi kwamba Mungu atafuta kila chozi na mauti haitakuwapo tena. Mwandishi wa Kirusi Fyodor Dostoevsky, aliyekuwa Mkristo, alimpa mhusika wake Ivan katika riwaya ya mwaka 1880 pingamizi ambalo halijazeeka: hata kama furaha ya mwisho itakuja, hakuna aliye na haki ya kuinunua kwa machozi ya mtoto mmoja aliyeteswa. Wakristo makini hujibu kwamba ufufuo haununuliwi kwa mateso, kwa maana mateso si bei wala ngazi. Ni adui atakayeharibiwa. Lakini jibu hilo linafungua mlango wa mwisho ambao wahubiri wengi huupita haraka. Gregori wa Nyssa, askofu wa karne ya 4, alifundisha kwamba uovu, kwa kuwa si kitu chenye asili yake, utakwisha kabisa na viumbe vyote vitamrudia Mungu. Augustino, kwa msingi ule ule wa uovu kuwa upungufu, alitetea adhabu ya milele, na kanisa la Magharibi likamfuata. John Stott, mchungaji wa Kianglikana wa Uingereza aliyeheshimiwa na walokole, aliandika mwaka 1988 kwamba anaelekea kuamini kuwa waliopotea watakoma kuwapo badala ya kuteswa milele, akashutumiwa vikali. Mjadala huu ni sehemu ya swali lile lile la uovu: kama kuna watakaoteseka bila mwisho, basi uovu hautakuwa umeondolewa katika uumbaji wa Mungu bali umewekewa uzio, na anayetaka kuutetea wema wa Mungu kwa habari ya mateso ya miaka sabini hana budi kueleza pia habari ya mateso hayo yasiyo na mwisho.